Nyuzi Zilizotoka Jasho

Uzi wa gitaa hautoki jasho. Fundi wa magitaa alilijua hilo tangu ujana wake, kwa hiyo aliposhika gitaa dogo la besi aliloletewa na shemeji yake, lenye umbo la ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne, na vidole vyake vikarudi na utelezi, alidhani ni mafuta ya mtu aliyekuwa nalo kabla.

"Shemeji, hizi nyuzi za mpira zinanuka," alisema, akijifuta kwenye aproni. "Nikufungie za waya."

"Waya zitalia kama debe!" Kaka wa mkewe alikuwa mpiga muziki wa maharusini, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani. "Shingo fupi hivi, uzi wa kawaida unalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Mpira mnene ndio unaonguruma. Weka mipya, uishushe kidogo ikaribie ubao, basi."

Shemeji alipoondoka, fundi akajaribu kukata uzi wa kwanza kwa koleo. Haukukatika. Ulitanuka, ukapasuka, ukatema usaha wa manjano uliomwingia mdomoni, wenye ladha ya jino bovu. Akatema, akasukutua, akatema tena. Ladha haikubanduka.

Hata hivyo kazi ni kazi. Alifunga mipira mipya, akaipaka poda isinate vidoleni, akachonga daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi, mpaka nyuzi zikalala chini vizuri. Alipokaa mezani kula, mkewe aliziba pua.

"Baba watoto, umekanyaga nini?"

"Sijakanyaga kitu."

Lakini sauti haikuwa yake. Ilivuma kutoka tumboni, nene, na vijiko vikatetemeka kwenye sahani. Kufikia siku ya tatu nzi walikuwa wanamtembelea midomoni bila woga, na kila alipomeza mate alihisi kitu kikipanda na kushuka kooni, laini, kirefu, chenye uvuguvugu, kikijinyoosha kama kinachotafuta mahali pa kujifunga.

Mkewe akamleta mganga, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi.

"Ni jini. Shika beseni," alimwambia mke. "Na ufumbe mdomo. Likikuita, usiitike."

Akamtia fundi vidole kooni, akavuta. Ulitoka mkunjo mweusi wa mpira, umelowa kamasi, una vinywele, mwingine ukafuata, na mwingine, ikarundikana kwenye beseni kama utumbo wa mbuzi huku ikipumua, na harufu ikawa nzito kiasi kwamba mganga alitapikia bega lake mwenyewe bila kuachia.

Ndipo kutoka kwenye beseni ikasikika sauti ya fundi, ile ya zamani, ya upole: "Mke wangu, nakufa. Hata kuniaga hutaki?"

"Jamani, mume wangu!"

Kitu kikaruka kutoka kwenye beseni, kikamwingia mdomoni. Mke akakaba koo lake kwa mikono miwili, akameza.

Fundi akavuta pumzi safi kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. Mganga hakumpongeza. Alikuwa amekwisha kumgeukia mkewe, akikunja mikono ya gauni lake.

"Inuka," alimwambia fundi. "Sasa shika beseni wewe."