Mgeni Aliyekosekana Kwenye Kioo cha Bushra

Kila asubuhi, pale kwetu Bertrams, mtaa wa ugenini, mimi hupika uji na mkwe mwenzangu Brigitte hupika ugomvi. Mimi ni Zabibu wa Tanga, mama yake Twalib. Yeye ni wa Lubumbashi, mama yake Héritière. Watoto wetu wakaoana, sisi tukabaki na jiko moja.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mmoja. Mjukuu wetu Bushra alitimiza miaka mitatu, na maneno yake yote yakatokea puani. Hatukuelewa hata moja. Watoto wenzake walishaacha kucheza naye.

"Kwetu hakuna bubu hata mumoja," alisema Brigitte. "Baba yangu alihubiri saa ine mfululizo!"

"Kwetu Tanga hata paka wana maneno," nikamjibu. "Hii imetoka kwenu."

Héritière aliosha vyombo huku akilia kimya kimya. Sisi hatukumjali.

Daktari akaandika kipimo cha damu, kinaitwa maikroarei. Siku hiyo mabibi wawili tulifika hospitali tumekunja mikono ya nguo, ili ijulikane mwenye kosa.

"Mgonjwa nani?" akauliza nesi.

"Yeye!" tukasema pamoja, kila mmoja akimwonyesha mwenzake.

"Eish! Nataka damu ya mtoto tu."

Jirani yetu Murielle anafanya kazi maabara. Nikamuuliza, "Mwanangu, humo kwenye damu mnatafuta nini?"

"Bibi, umewahi kupanga viti vya harusi?"

"Mia tatu, pale Newtown!"

"Basi sisi tuna kioo kidogo chenye viti maelfu na maelfu. Kila kiti ni cha kipande kimoja cha DNA, yale maandishi ya mwili tunayorithi kwa baba na mama. DNA ya mtoto tunaikatakata, tunaitia rangi ya kung'aa, tunaimwaga kwenye kioo. Kila kipande kinashika kiti chake tu. Visivyo na kiti vinaoshwa."

"Kama wazamiaji!"

"Hao hao. Halafu mashine inapiga picha. Kila kiti kinangoja wageni wawili, mmoja wa upande wa baba, mmoja wa mama. Wakija wote, panang'aa. Akija mmoja, panafifia."

"Kwa hiyo mnaona kila kitu?"

"Hapana, Bibi. Tunaona kilichopungua au kuzidi. Kosa la herufi moja linaweza kutupita."

Majibu yakaja. Safu moja ndogo ya viti ilikuwa imefifia.

"Mgeni wa kwenu hakuja!" akapaza sauti Brigitte.

"Wa kwenu!"

Daktari akawapima wazazi. Safu zao zilikuwa kamili.

"Kipande kilidondoka chenyewe mtoto alipoanza kuumbwa," akasema. "Hakuna wa kulaumiwa."

Héritière akashusha pumzi ndefu. Nikaona haya. Brigitte akatafuta kitu kwenye mkoba, na hakukuwa na kitu.

Sasa daktari alijua pa kutazama, maana kipande hicho kikikosekana huweza kugusa moyo, madini ya damu na kinywa. Moyo ulikuwa salama. Madini ya kalsiamu yalikuwa yamepungua, akampa dawa. Kaakaa, yaani paa la kinywa, lilikuwa dhaifu, pumzi ikatorokea puani. Likashonwa, na Bushra akafundishwa kutamka.

Asubuhi moja mimi na Brigitte tulikuwa tunabishana juu ya chumvi. Bushra akaweka kijiko chini.

"Bibi, basi!"

Safi, bila pua. Machozi yakatutoka.

Kisha Brigitte akanong'ona, "Umesikia? Amekuambia weye."