Taa ya Kijani Kwenye Kona ya Mawe

Uligeuza macho. Usikatae, maana wengi tulikuwepo na tunakumbuka. Siku ile Pili Njou, mlinzi kwenye mbio za magari, alipoanguka kwenye Kona ya Mawe, wewe ulikuwa uzioni na kibendera chako cha karatasi, na macho yako yalilifuata gari. Pili alilisukuma likatoka kwenye kokoto, likashika njia, likapaa, ukapiga vigelegele. Aliyelisukuma alibaki chini kifudifudi, koti lake la rangi ya chungwa limejaa vumbi, nawe unauliza nani anaongoza. Jioni wakatangaza kuwa ni moyo. Moyo! Mwanamke aliyekuwa akipakua magunia ya vitunguu sokoni huku anaimba! Ukasema Mungu amlaze pema, ukageuza mazungumzo.

Haya. Safari hii tazama huku. Mtazame Sekunda Ntandu.

Sekunda alikuwa mhandisi wa hewa. Singida ya wakati huo, jiji lenye minara ya upepo hadi ukingoni mwa Ziwa Kindai, ilikuwa na wahandisi wa kila namna, lakini kazi ya Sekunda ilikuwa ya ajabu kidogo: kuifundisha hewa namna ya kupita chini ya gari. Gari lenyewe liliitwa Kipanga. Lilikuwa gari mseto la mbio ndefu, zile zinazokimbizwa kutwa na kucha madereva wakipokezana. Nyuma lilikuwa na injini ya mafuta ya alizeti, mbele mota ya umeme. Dereva akikanyaga breki, mota iligeuka kuwa jenereta. Mwendo ambao magari ya babu zetu yaliutupa hewani kama joto, Kipanga liliumeza, likauweka kwenye betri, na likitoka konani likautapika wote kwa mkupuo. Ukisimama karibu ulisikia mluzi mwembamba, kisha gari halipo.

Ila kumeza umeme si hoja kama gari halishiki njia. Hapo ndipo Sekunda alipoingia. Chini ya tumbo la Kipanga alikuwa amechonga mahandaki mawili, mapana mbele, membamba katikati, mapana tena nyuma. Hewa ikibanwa mle hukimbia, na hewa inayokimbia hupungua msukumo wake. Ile ya juu, nzito, hulikandamiza gari chini kama kiganja juu ya chapati. Kadiri tumbo linavyokaribia lami ndivyo kiganja kinavyozidi uzito. Msimu ule Sekunda alilishusha tumbo la Kipanga kwa unene wa sarafu mbili tu, na Kipanga likawa halikamatiki.

"Umelishusha mno," Minza Malongo alimwambia wiki ya majaribio. Minza ndiye aliyekuwa dereva wao mkuu, Msukuma wa Magu, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Nikipanda kingo za kona nasikia linakwaruza. Kama kuku anaparura."

"Linakwaruza ubao wa kinga. Ubao ni wa kukwaruzwa."

"Na juu ya ubao kuna nini?"

Juu ya ubao kulikuwa na nyaya nene za betri. Sekunda alijua. Lakini nyaya zilikuwa za watu wa umeme, na katika timu ile kila mtu alikuwa na meza yake. Alisema, "Uliza watu wa umeme," akarudi kwenye hewa yake. Watu wa umeme walipoulizwa wakasema urefu wa tumbo ni wa watu wa hewa. Ndivyo tulivyo. Shimo likiwa kwenye mpaka wa mashamba mawili, halina mwenyewe mpaka mtu atumbukie.

Ili mtu asitumbukie ndipo ikawekwa taa. Kila gari mseto lilibeba taa juu ya paa. Kijani maana yake gusa. Nyekundu maana yake umeme umevuja hadi kwenye bodi, na ukiligusa gari huku miguu yako iko ardhini, wewe ndiwe njia yake. Dereva aliye ndani yu salama, kama ndege aliyetua juu ya waya. Akitaka kutoka ni lazima aruke kwa miguu yote miwili kwa pamoja, asiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja. Mjini watoto walikuwa na mchezo wao, "chura mseto", wakirukaruka kutoka vibarazani. Hiyo taa ndiyo waliyoiamini walinzi wa kona, wale wa kujitolea wenye makoti ya chungwa, wanaokimbilia gari lililokwama.

Kwenye Kona ya Mawe sasa alisimama Athumani Njou, mdogo wake Pili. Mkamua alizeti, mcheshi, Mnyaturu halisi. Alichukua bendera ya dada yake siku arobaini za msiba zilipokwisha, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Yeye na Minza walikuwa watani, maana Wasukuma na Wanyaturu ni watani tangu enzi, na wawili hawa walikuwa hawajawahi kusalimiana kiungwana hata siku moja.

"We mtumwa wangu!" Minza alimpigia kelele asubuhi ya mbio, akipita na kofia kwapani. "Leo nikikwama usinisukume na mikono yenye mafuta."

"Nikusukume wewe? Ugali wote huo uliokula, nitaita trekta."

"Ukifa nitakuja msibani kwako nile wali, na wala sitalia."

"Njoo na sahani yako. Kwetu hatuna sahani za ukubwa huo."

Walinzi wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sekunda naye alicheka.

Mbio zilianza, kwenye njia inayolizunguka Ziwa Kindai. Usiku ukapita, kukapambazuka, na adhuhuri Kipanga lilikuwa likiongoza kwa mzunguko mzima. Sekunda alikaa kwenye banda la mafundi mbele ya vioo vyake vya picha na namba. Kando yake alisimama mkuu wa timu, Faustini Lyaruu, mtu mpole asiyependa kelele. Juu ya wote alikuwepo Mshauri, akili unde iliyosoma kila kihisi cha gari na kuamua kila kitu: lini kumeza umeme, lini kuutapika, lini kubadili matairi. Sauti yake ilikuwa kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari.

"Kihisi cha uvujaji kimesoma juu ya kiwango," Mshauri akasema. "Nathibitisha."

Sekunda akageuka. "Anathibitisha nini?"

"Vumbi," Lyaruu akajibu. "Unalijua vumbi letu. Msimu wa juzi lilitudanganya, taa ikawa nyekundu bure, tukatolewa mbioni. Basi tukampa Mshauri nafasi ya kutafakari kabla ya kuiwasha. Kidogo tu."

"Na wakati anatafakari taa inakuwa rangi gani?"

Pale pale wakaona kiooni Kipanga likipanda kingo za Kona ya Mawe, likaruka, tumbo likapiga chini. Hewa ikapasuka mle mahandakini, kile kiganja kikanyanyuka, na gari lisilokandamizwa ni karatasi. Likazunguka mara mbili, likateleza hadi kwenye kokoto, likakaa. Juu yake taa iliwaka kijani, safi, kama jani la mchicha.

Na Athumani alikuwa tayari anakimbia.

Sekunda akaisoma namba ya uvujaji. Halikuwa vumbi. Ule ubao wa kukwaruzwa ulikuwa umekwisha, na ngozi za nyaya zimechunika. Hakumwona Athumani, alimwona Pili. Kijani. Hata siku ile ilikuwa kijani. Walinzi wote walisema, na wakaambiwa basi kama ilikuwa kijani ni moyo.

Akanyoosha mkono kwenye kitufe chekundu cha mezani, Kitufe cha Kukata. Kitufe hicho hukata betri, huwasha nyekundu, na gari lililokatwa haliruhusiwi kurudi mbioni.

"Sekunda." Lyaruu alimshika kiwiko, si kwa nguvu. "Tunaongoza. Mshauri atamaliza sasa hivi."

"Na Athumani?"

Akabonyeza.

"Amri imepokelewa," Mshauri akasema. "Betri imekatwa. Umeme uliobaki kwenye bodi unatolewa taratibu. Hali ya taa: nathibitisha."

Taa ikabaki kijani. Hebu elewa hapo. Walikuwa wameipitisha taa yote kwa Mshauri, pamoja na amri ya binadamu. Kitufe kilichowekwa ili mtu akiona hatari aseme, nacho kilikuwa kinaomba ruhusa.

Sekunda akanyakua redio ya dereva. "Minza! Gari lina umeme! Taa ni ya uongo! Mzuie Athumani!"

Minza akafungua kifuniko cha gari kilicho juu ya kichwa chake, akasimama kitini. Athumani alikuwa hatua chache tu, glavu mkononi.

"Usiniguse!" Minza akapiga ile sauti yake ya ng'ambo ya mto. "Rudi! Utakufa!"

Athumani akacheka. Angefanyaje? "Nife leo, nani atakukatia ugali?" akajibu, na hakupunguza mwendo. "Taa yako kijani, bibi wee!"

"Nakwambia utakufa, we Mnyaturu!"

"Kajiandae na sahani!"

Bandani Sekunda alisikia yote redioni, kila neno likimchoma. Miaka yote ya kutishiana kifo ilikuwa imelila neno lenyewe. Hapakuwa na onyo ambalo Minza angeweza kulitoa na Athumani asilisikie kama salamu.

Kisha Minza akasema taratibu, kwa sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia kinywani mwake:

"Kaka Athumani. Nakuheshimu sana. Nakuomba, kwa ajili ya marehemu dada yetu Pili, simama hapo ulipo."

Athumani akasimama kama aliyepigwa kofi. Mkono wake ulikuwa umenyooka, bodi ya gari haifiki urefu wa mkono mwingine. Mtani hakuiti kaka. Mtani hamtaji marehemu wako bila kumcheka. Akarudi nyuma hatua moja, tena nyingine.

Na hapo, mbele ya kamera zote, juu ya gari lisilojongea, taa ikageuka. Nyekundu.

"Uvujaji umethibitishwa," Mshauri akatangaza.

Minza akapanda ukingo wa kiti, akabana miguu pamoja, akaruka mbali kama chura wa vibarazani. Alipotua alikaa chini kwenye kokoto, akajishika kichwa. Athumani alikaa kando yake.

Lyaruu alivua vifaa vya masikioni, akaviweka mezani. "Sikujua kama kitufe nacho kinapita kwake," alisema.

"Mimi sikujua kama kuna kutafakari," Sekunda akajibu. "Niliuliza hewa tu. Twende."

"Wapi?"

"Kwa waamuzi. Ukaseme la taa, nami nikaseme la tumbo."

Wakaenda, na tuseme ukweli: Lyaruu naye alisema yote, mbele ya vipaza sauti, uso umemvimba. Kumbukumbu za gari lililomwua Pili, lililokuwa la timu nyingine kabisa, zikafunguliwa. Nalo lilikuwa na nafasi yake ya kutafakari. Kila timu ilikuwa imeibuni peke yake, kila moja ikadhani ni ujanja wake tu.

Lakini sikia na hili. Kesho yake walinzi wa kona, wote wenye makoti ya chungwa, waliyavua, wakayatundika uzioni, wakasema hakuna gari litakalozunguka Kindai mpaka taa iwe na waya wake, kutoka kwenye kihisi moja kwa moja hadi kwenye taa, bila akili yoyote katikati. Sekunda aliufunga wa Kipanga kwa mkono wake, waya mwekundu uliopita nje ya bodi ili hata mtoto aweze kuufuata kwa kidole. Akalipandisha tumbo kwa ule unene wa sarafu mbili, na moja ya ziada. Kipanga likawa zito kidogo konani. Minza akalilaani kwa Kisukuma, kisha akasema, "Sasa haliparuri."

Walipojaribu taa mara ya kwanza, Athumani ndiye aliyeitwa aangalie. Vumbi likakifunika kihisi, taa ikawaka nyekundu bure, fundi mmoja akaguna.

"Acha iwake," Athumani akasema. "Ikikosea upande huo, nitarudi nyumbani kula." Akamgeukia Minza. "Na wewe, usiniite kaka tena. Nilidhani nimeshakufa."

"Mtumwa wangu," Minza akamwambia, na macho yalikuwa yamelowa. "Sahani ninayo tayari."

Timu tatu zimekwisha kufunga waya huo. Nyingine bado zinasema zitatafakari. Jumamosi mageti ya Kindai yanafunguliwa, nawe utakuja na kibendera chako, nakujua. Basi kabla hujaingia, nenda kwenye kila gari, inua macho hadi kwenye taa, uufuate waya kwa kidole chako. Usipouona, keti chini hapo hapo getini, na umkalishe aliye nyuma yako. Usisubiri tangazo. Usiseme si idara yako. Anza na gari la kwanza, na usigeuze macho.