Mama wa Kwenye Video

Nianze na kosa langu. Kisa hiki nilipokisimulia mara ya kwanza, nilisema Tusekile alikuwa na hasira za bure. Nilikuwa sijauliza kilichochanwa.

Kila asubuhi pale Igawa, kabla ya kwenda shule, Tusekile alimsaidia mama yake kuchemsha mahindi na kuyapanga kwenye beseni. Mama alifunga aproni safi, akaenda barabarani kukimbilia mabasi na kuwauzia abiria. Tusekile alimtungia wimbo kuhusu mbio zake hizo. Klabu ya muziki ya shule ikaupenda, ikaamua kuupeleka kwenye mashindano ya video za wanafunzi mjini Mbeya. Ila kwanza video ingeonyeshwa shuleni Ijumaa, siku ya wazazi, na mama alikuwa ameshawaambia wauzaji wenzake kwamba siku hiyo hauzi.

Jumatano, Mwalimu Eveline aliwaachia simu yake warekodi nyuma ya jiko la shule. Direkta alikuwa Rabson, aliyetazama video za muziki mpaka akajua kila moja itaishaje. Happy ndiye aliyeigiza mama. Tusekile alimletea kanga ya mama yake, ile ya kwendea kanisani, aliyoipata kwa kubembeleza sana.

Alipotoka kuteka maji, alimkuta Happy amepakwa masizi usoni, ameketi chini, analia kwa msaada wa kitunguu. Kanga ilikuwa na matundu matatu. Wembe ulikuwa bado mkononi mwa Rabson.

Tusekile alimgeukia Rabson.

"Umefanya nini?"

"Tulia, Tuse. Mama wa kwenye video lazima awe hivi. Analia weee, mpaka mwanawe anarudi na gari. Ukimweka msafi, nani atamwonea huruma?"

"Nani kakwambia mama yangu anataka huruma?"

Zabron, mpiga ngoma, akacheka, akasema hata mama mwenyewe hawezi kulia vizuri kama Happy. Tusekile aliipiga teke ndoo, maji yote yakaishia kwenye viatu vya direkta. Akasema wimbo ni wake na hauimbwi tena. Rabson naye akafoka kwamba wimbo bila video ni kelele za jikoni tu.

Mwalimu Eveline alikuja mbio, akawasikiliza wote wawili. Kisha akauliza ni nani amewahi kumwona muuza mahindi wa Igawa ameketi chini akilia. Hakuna aliyenyoosha kidole. Akaagiza kesho waende wote barabarani, na Rabson aeleze habari ya kanga kwa mdomo wake.

Alhamisi Rabson alimweleza mama kila kitu, macho yake yakiwa chini. Mama aliikunjua kanga, akachungulia kwenye tundu moja, akamwona direkta upande wa pili.

"Wewe mtoto wa Sosthenes, lini umeniona nimechakaa hivi?"

"Sijawahi, mama."

"Sasa ulikuwa unamrekodi nani?"

Basi likapiga honi. Mama akanyanyua beseni akakimbia, aproni ikipepea, huku akimtania kondakta kwamba amenenepa kwa mahindi yake. Rabson alimfuata na simu mpaka kandambili moja ikamtoka. Hakuna aliyelia, wala hakuna gari lililokuja kumwokoa mtu. Zabron alipiga ngoma akifuata miguu ya mama, na wimbo ukakaa sawa.

Jioni, darasani, Mwalimu Eveline aliwaambia, "Kuiga video za wenzenu si vibaya, ndiyo kujifunza. Lakini mtu unayemjua kwa macho yako, ukimwonyesha kwa uongo eti kwa sababu kila video iko hivyo, umemwibia sura yake. Mwonyesheni alivyo."

Video ya Ijumaa ilikuwa tayari, ila Tusekile alikuwa bado hamsemeshi Rabson. Mama aliagiza kanga ishonwe na mkono uleule ulioichana. Basi direkta alikuwa peke yake kwenye dawati la nyuma, analamba uzi, anakosa tundu la sindano, analamba tena.

"Jamani, nitungieni uzi," akaomba.

Wenzake walikuwa wameinamia simu, wanamtazama mama anavyokimbia.