Kitufe cha Nyuma ya Basi

Kila asubuhi, basi dogo la shule lilipoingia getini na injini kuzimwa, king'ora kilianza kulia. Hakikuwa king'ora cha kufukuza wezi. Kilikuwa ndani ya basi lenyewe, juu ya kiti cha dereva, na kelele yake ilikera kuliko mtoto anayeota meno. Njia ya kukinyamazisha ilikuwa moja tu: kwenda mpaka mwisho wa basi, karibu na mlango wa dharura, na kubonyeza kitufe cha kijani kilichokuwa hapo. Kisipobonyezwa, kelele ilizidi mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta.

Dereva alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, ambaye watoto wote walimwita shangazi, ingawa kwa kweli alikuwa shangazi wa mmoja tu. Huyo mmoja alikuwa msichana wa darasa la sita, na shule nzima ilimwita Kiherehere. Jina hilo hakupewa bure. Mwalimu akitafuta chaki, yeye keshafika kabatini. Mwenzake akiangusha kalamu, yeye keshainama. Alipenda kusaidia kabla hata ya kuombwa, na akishukuriwa alitembea siku nzima kichwa juu.

Shangazi aliijua kazi yake na hakuifanyia mzaha. Kabla ya kuondoka nyumbani alitoa kufuli la usiku kwenye mlango wa dharura, akalizunguka basi kutazama magurudumu, akaweka sawa vioo vya pembeni, na hakushusha breki ya mkono mpaka asikie mkanda wa mtoto wa mwisho umefungwa. Siku za Jumatatu aliwapa watoto somo fupi kabla hawajashuka. Aliwaonyesha jinsi ya kuinua mkono mwekundu wa mlango wa dharura, ule wa ndani na ule wa nje. Aliwaonyesha pia honi.

"Ukijikuta peke yako ndani ya gari, nenda kwenye usukani upige honi," aliwaambia. "Honi inalia hata injini ikiwa imezimwa. Mikono ikishindwa, kaa juu yake kabisa."

Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Meneja. Huyu alikuwa mtoto wa chekechea, mdogo kuliko abiria wote. Walimpa jina hilo kwa sababu alitembea mikono nyuma, tumbo mbele, kama mtu anayekagua kiwanda. Begi lake lilikaribia kumfunika mwili mzima.

Mambo yalianza kuharibika kwa sababu ya goti la shangazi. Goti hilo lilivimba, na kila asubuhi alipokwenda nyuma kubonyeza kitufe alijikokota akishikilia viti, uso umekunjamana kwa maumivu. Kiherehere, ambaye kiti chake kilikuwa cha nyuma kabisa, alimwonea huruma. Asubuhi moja alinyoosha mkono akabonyeza yeye. King'ora kikakatika. Shangazi alicheka kwa mshangao, akamshukuru mpwa wake na kumwombea baraka.

Tangu hapo ikawa mazoea. Shangazi alibaki mlangoni akiwashika watoto mkono wakishuka, na Kiherehere akabaki na kitufe. Siku za mwanzo alichungulia viti vyote kabla ya kubonyeza. Baadaye akawa anachungulia vya nyuma tu. Mwishowe akawa anabonyeza, basi. Hakuna aliyeona ubaya wowote, maana kelele ilikoma na goti lilipumzika.

Siku ya mtihani wa hesabu, Kiherehere alikuwa amefungua daftari tangu alipopanda. Hesabu za sehemu zilikuwa zimemtoa jasho wiki nzima. Basi lilipoingia getini alikuwa bado anasoma, na king'ora kilipoanza alinyoosha mkono bila kuinua macho, akabonyeza kitufe, akashuka akiwa anasoma vilevile.

Hakumwona Meneja. Meneja alikuwa na kikohozi, na mama yake alimpa dawa iliyomtia usingizi. Basi lilipokata kona kuingia shuleni alifungua mkanda wake, jambo alilokatazwa mara nyingi, akajilaza kwenye kiti akalifanya begi mto. Migongo ya viti ilikuwa mirefu. Ukiwa mlangoni hungeweza kumwona.

Siku hiyo pia kivuli cha ukuta, mahali basi lilipozoea kuegeshwa, kilikuwa kimechukuliwa na lori la matofali. Shangazi alikuwa ameliegesha basi upande wa pili, karibu na barabara, palipopigwa na jua. Watoto waliposhuka alifunga milango, akatia ufunguo mkobani, akapanda pikipiki kwenda zahanati kuonyesha goti lake. Kwenye darasa la chekechea, mwalimu alipoona Meneja hayupo alidhani kikohozi kimemlaza nyumbani.

Mtihani ulianza. Darasa lilikuwa kimya, isipokuwa kalamu na kiti kimoja kibovu kilicholalamika kila mwenyewe alipojigeuza. Jua lilikuwa limepanda na bati la paa limeanza kualika. Kiherehere alikuwa amefika swali la katikati aliposikia honi. Ililia mara moja, fupi, ikanyamaza. Halafu ikalia tena.

Hakuna aliyejali. Nyuma ya ukuta kulikuwa na barabara, na barabarani honi hazikauki. Ilipolia mara ya tatu, mwalimu wa hesabu alisonya, akaenda kufunga dirisha ili watahiniwa wake wasisumbuliwe.

Lakini Kiherehere alikuwa ameitambua. Honi ya basi la shule ilikuwa na sauti nzito iliyokwaruza, kama ya mtu mwenye mafua. Alifikiri shangazi amerudi. Kisha akakumbuka kuwa kutoka zahanati, ambayo foleni yake kila mtu anaijua, shangazi hangerudi mapema hivyo. Na hata angerudi, kwa nini apige honi uani?

Akajiuliza ni nani basi. Alijaribu kukumbuka asubuhi, alivyobonyeza kitufe na alichokiona kwenye viti alipopita. Hakukumbuka kiti hata kimoja. Alichokumbuka ni ukurasa wa daftari. 

Aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya namna mbili. Aliogopa kuwa kuna mtoto ndani ya basi. Aliogopa pia kusimama mbele ya wote na kusema alichofanya, kisha ikutwe hakuna kitu, achekwe mpaka mwisho wa muhula. Honi ikalia tena nyuma ya kioo kilichofungwa, ndefu safari hii, ikakwaruza, ikakatika.

Kiherehere akasimama. Mwalimu alimwamuru aketi.

"Mwalimu, kuna mtoto amefungiwa ndani ya basi," alisema. "King'ora nilikizima mimi. Sikuangalia viti."

Mwalimu alimtazama kidogo tu. Aliweka chaki mezani, akamwambia kiranja asimamie darasa, na wote wawili wakatoka mbio. Walipopita pembe ya jengo, Kiherehere aliomba moyoni honi ilie tena. Haikulia. Ukimya ule ulimtisha kuliko kelele yoyote aliyowahi kusikia.

Walimkuta Meneja kwenye kiti cha dereva, kichwa kimeegemea mlango, shati limelowa jasho. Midomo ilikuwa mikavu. Mwalimu aligonga kioo kwa kiganja, akamwita, lakini mtoto alifumbua macho nusu na kuyafumba tena. Milango ya mbele ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Mlinzi wa getini alifika akihema, akaokota tofali na kulenga kioo kilekile alichokiegemea Meneja. Mwalimu alimshika mkono.

Kiherehere alikuwa tayari amekimbilia nyuma ya basi. Njiani aliwaza jambo moja tu: je, shangazi alitoa kufuli la usiku asubuhi hii? Akatazama. Kufuli halikuwepo. Shangazi hakuwa amesahau. Aliushika mkono mwekundu kwa mikono miwili akauinua. Ulikuwa mgumu na umeshika moto wa jua, lakini hakuuachia mpaka mlango ulipofunguka. Joto lililotoka humo lilimpiga usoni kama la tanuri ya mikate.

Akaingia. Alipita katikati ya viti, kutoka nyuma mpaka mbele, njia ileile ambayo asubuhi hakuipita kwa macho. Kwenye kiti kimoja aliona begi kubwa, bado limebonyea katikati pale kichwa kilipolala. Alifika kwa Meneja, akafungua kitasa cha mlango kwa ndani, na mwalimu akampokea mtoto mikononi.

Walimlaza kivulini kando ya lori la matofali. Mwalimu alimfungua vifungo vya shati, mlinzi akaleta ndoo ya maji, na Kiherehere akalowesha sweta lake na kumpangusa shingo na kwapa. Alilia huku akipangusa, wala hakujificha. Baada ya muda uliomwia mrefu mno, Meneja alifumbua macho. Wakamnywesha maji kidogo kidogo.

"Mikono ilichoka," alisema kwa sauti ndogo. "Nikakalia."

Mwalimu mkuu alimpeleka zahanati kwa gari lake, pamoja na Kiherehere. Kwenye benchi la wagonjwa, wa kwanza kuwaona alikuwa shangazi, gauni limepandishwa hadi gotini. Alisimama kama goti hilo halijawahi kuuma. Daktari alimchukua mtoto ndani, na baada ya kumpima akatoka kuwaambia kwamba atapona, ila angekaa zaidi kidogo mle ndani, habari ingekuwa nyingine.

Mama yake Meneja, mshonaji, alifika na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alipita bila kumsalimu mtu, akaingia kwa mwanawe. Ndipo mwalimu mkuu alipouliza ni nani aliyelikagua basi asubuhi.

"Ni mimi," Kiherehere alisema haraka. "Shangazi hana kosa. Nilitaka kumsaidia."

Shangazi alimvuta karibu, akamketisha kwenye benchi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sikiliza, mwanangu. Umefanya vizuri kusema ukweli, na umeusema mapema, ndiyo maana mtoto yuko hai. Lakini kosa lako ni kubonyeza tu. Kuangalia ilikuwa kazi yangu, na mimi nikakuachia kwa sababu goti liliniuma. Unadhani kwa nini waliotengeneza basi lile waliweka kitufe kule nyuma? Wangeshindwa kukiweka pembeni ya usukani? Walikiweka mbali makusudi, ili dereva apite kila kiti. Sisi tukaona kazi ni kuzima kelele. Kazi ilikuwa kutembea."

Kiherehere aliinamisha kichwa. Shangazi alimwinua kidevu, akamwambia asiache kusaidia watu, ila kabla hajasaidia ajiulize kwanza kazi ile imewekwa kwa ajili ya nini. Kisha yeye mwenyewe aligonga mlango, akaingia kumwomba radhi mama yake Meneja. Alikaa humo muda mrefu.

Mwalimu mkuu alimsimamisha shangazi kuendesha mpaka goti lipone, akaleta dereva wa muda. Akaagiza pia kwamba kitufe cha kijani kisiguswe na mtu yeyote ila dereva. Mtihani wa hesabu, Kiherehere aliurudia peke yake, na sehemu zilimtoa jasho upya.

Siku shangazi aliporudi kwenye usukani, mama yake Meneja alipanda basi pamoja na mwanawe. Alikaa amemshika mkono njia nzima. Walipofika shuleni injini ilizimwa na king'ora kikaanza. Shangazi aliwashusha watoto mmoja mmoja, kisha akarudi ndani peke yake. Kupitia madirisha walimwona akienda polepole, akigusa kila kiti, akiinama kutazama chini, akiinuka. Kelele ilizidi. Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta.

Meneja alikuwa ameziba masikio. Alimgusa Kiherehere kwa kiwiko.

"Kabonyeze," alimwomba.

Kiherehere aliweka mikono nyuma, kama Meneja mwenyewe akikagua kiwanda chake, na hakusogea.

"Mwache aangalie kwanza," alisema mama yake Meneja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo tangu wapande. "Kelele hii nitaivumilia hata kutwa nzima."

Wakasubiri wote, hata jirani juu ya ukuta. Hatimaye king'ora kikanyamaza, na shangazi akatokea mlangoni mikono mitupu.