Kitone cha Kijani Kando ya Jina la Kibii

Kila siku ya shule, ikifika saa kumi na robo, Chelagat alikuwa ameshavua sare, amekunywa uji, amemtupia ng'ombe nyasi, na anaingia kwenye ghala la viazi. Kazi yake humo ilikuwa kuchagua: vikubwa vya kuuzwa, vidogo vya mbegu, vilivyooza vya kutupwa. Baridi ya Molo nanyi mnaijua. Vidole vilikufa ganzi kabla ya kumaliza gunia la kwanza. Kazi hiyo ilikuwa ya saa nzima, lakini siku hizi msichana huyu wa Gredi ya Saba aliilipua kwa dakika ishirini, akajikalia juu ya gunia, akatoa simu.

Simu yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa simu ya zamani ya kaka yake, Kibii, yenye kioo kilichopasuka. Kibii alikuwa kifungua mimba wa nyumba hiyo. Alipopata kazi kwenye shamba la maua Naivasha alinunua simu mpya, hii akaiacha sandukuni. Alipanga chumba mtaa wa Kihoto, karibu na ziwa. Miaka miwili iliyopita maji ya ziwa yalifurika hadi ndani ya nyumba za watu. Kibii akaazima mashua kwenda kuokoa godoro na nguo zake, na mashua ikapinduka. Wenzake wawili waliogelea wakatoka. Yeye hakuonekana tena, wala mwili wake haukupatikana.

Wazazi walidhani simu ile imekufa zamani. Chelagat aliifufua kwa chaja ya rafiki yake Sue, binti wa Muiruri mwenye duka la dawa za mifugo jirani. Waifai ya duka hilo ilifika hadi ukuta wa nyuma wa ghala, na Sue hakuwa mchoyo wa neno la siri.

Mchezo uliompendeza ulikuwa wa mbio za magari, unaochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia mtandao. Siku moja ukamletea ujumbe: "Unganisha akaunti yako ya mtandao wa kijamii upate gari jipya." Akaunti ya Kibii ilikuwa bado iko wazi katika simu. Chini ya ujumbe kulikuwa na maandishi madogo, mistari kama thelathini. Jamani, nani huyasoma hayo? Chelagat alikuwa na akili nyingi darasani, lakini hapo akili zake zilikwenda likizo. Akabonyeza "Kubali", akapewa gari jekundu, akafurahi.

Laiti angesoma! Maandishi yale yalisema kwamba marafiki wote wa mwenye akaunti wataarifiwa kila anapocheza, na kwamba wataweza kumwandikia. Tangu siku hiyo, kila Chelagat alipokalia gunia lake, watu waliomfahamu Kibii waliona jina la Kibii, picha ya Kibii ikitabasamu, na kando yake kitone cha kijani. Kibii anacheza sasa hivi.

Mambo yaliharibika Alhamisi moja wakati wa chakula cha jioni. Simu ya mama ililia. Kwa kuwa ilikuwa mbovu, mama aliisikiliza kwa spika, na nyumba nzima ikasikia.

"Mathe, keti chini kwanza." Alikuwa Jeff, rafiki mkubwa wa Kibii kule Naivasha. "Kibii yuko online."

"Yuko wapi?"

"Kwa ile gemu tulikuwa tunacheza na yeye. Nimemwona leo saa kumi na moja. Jana pia. Juzi pia. Hiyo akaunti ni yeye tu anajua kuifungua, mathe. Kibii ako hai!"

Mama hakupiga kelele. Aliuweka mwiko chini polepole, akacheka, kisha machozi yakamtoka huku bado anacheka. Mwanamke huyu, kwa miaka miwili, alikuwa akila matonge mawili kisha anasukuma sahani. Jioni hiyo alijiongezea ugali mara mbili.

"Mama Kibii, tulia," baba, Mzee Hezekiah, alimwambia. "Kama yuko hai, mbona hajapiga simu?"

"Labda aligonga kichwa akasahau. Labda anatuogopa. Mimi sijui, Baba Kibii, na wewe hujui. Ibada isimame!"

Ibada hiyo ilikuwa ya kumuaga Kibii, bila jeneza. Mama alikuwa ameikataa muda wote huo. Alisema hawezi kumuaga mtu ambaye hajamwona. Ni mwezi uliopita tu ambapo mchungaji na shangazi Jepkemboi wa Olenguruone walimbembeleza hadi akakubali. Ilipangwa ifanyike Jumamosi ya wiki iliyofuata, na hema lilikuwa limeshaagizwa.

Chelagat alitazama sahani yake. Sema, moyo ulimwambia, sema sasa hivi. Lakini alimwona mama akicheka, na akaikumbuka fimbo ya baba juu ya kabati, basi mdomo ukamganda.

Kesho yake aliingia ghalani akiwa na nia moja: kuufuta mchezo na kuirudisha simu sandukuni. Alipoiwasha akakuta ujumbe. "Kibii, ni mama. Jeff ananiandikia haya kwa niaba yangu. Uko sawa mwanangu? Nijibu neno moja tu."

Maskini Chelagat! Aliwaza: nisipojibu, mama atadhani Kibii amemkataa. Akamwona mama katika mawazo yake, amesukuma tena sahani. Akaandika, "Niko sawa." Akatuma.

Maneno mawili tu. Aliyaandika kwa huruma, na nawaambia wazi, kosa hili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa la kutojua. Hili alilifanya macho yakiwa wazi.

Jumamosi mapema mama alifunga leso, akachukua picha kubwa ya Kibii iliyokuwa ukutani, akaenda Naivasha. Alifikia kwa Jeff na mkewe. Kila siku alitembea na picha hiyo: hospitalini, kituo cha polisi, langoni mwa mashamba ya maua wakati wafanyakazi wanatoka. "Mmemwona huyu?" Wengine walimhurumia. Wengine walimpita.

Nyumbani, Chelagat aliizima simu, akaifukia chini ya viazi vya mbegu. Alifikiri akiacha kucheza mambo yatatulia yenyewe. Wapi! Jumanne mama alimpigia baba akilia. "Jeff anasema tangu Ijumaa hajaonekana. Kitone kimezimika. Baba Kibii, kuna jambo limempata mtoto. Alikuwa sawa Ijumaa!"

Sasa msichana alikuwa amenaswa. Akicheza, anadanganya. Asipocheza, mama analia kwamba Kibii amekufa tena. Darasani alisikia sauti ya mwalimu kwa mbali tu. Chakula hakikushuka. Mara tatu alienda nyuma ya ghala kuomba Mungu amrudishe Kibii ili uongo wake uwe kweli, na mara tatu alirudi vilevile.

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya ile iliyokuwa imepangwa kuwa ya ibada, baba alikuwa akikamua ng'ombe mama alipopiga tena. Safari hii hakulia. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Kuna watu wanavua kwa kujificha kule ng'ambo, ndani ya mafunjo. Huenda yuko nao. Wavuvi wawili wamekubali kunipeleka kesho asubuhi."

"Humo mna viboko! Na wewe hujui kuogelea."

"Kibii alipanda mashua kwa ajili ya godoro," mama alisema. "Mimi nitashindwaje kupanda kwa ajili yake?" Akakata simu.

Chelagat alikuwa ameshika kamba ya ndama. Ziwa lililomchukua kaka yake sasa lingemchukua mama, na kwa sababu ya maneno yake mawili.

"Baba," alisema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Anayecheza. Ni mimi, kwa simu ya zamani ya Kibii. Na 'Niko sawa' niliandika mimi."

Baba aliacha kukamua. "Rudia." Chelagat akarudia yote kwa kwikwi: gari jekundu, kitufe cha "Kubali", ujumbe wa mama, simu iliyofukiwa. Alisubiri kofi. Halikuja. Mzee Hezekiah alibaki juu ya kigoda, mikono imelegea magotini, na kwa mara ya kwanza Chelagat akamwona baba yake analia.

"Mimi pia," baba alisema, "nilikuwa nimeanza kuamini."

Baada ya muda alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Hili si jambo la kumwambia mtu kwa simu akiwa kando ya maji. Nitampigia nimwambie asipande mashua, anisubiri. Hayo mengine utayasema wewe mwenyewe, uso kwa uso. Sitakusemea."

Walifika Kihoto Jumamosi kabla ya saa sita. Safu ya nyumba za kupanga ilisimama ndani ya maji yaliyofika madirishani, milango imeng'oka, ndege weupe wamejaa juu ya mabati. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, akielekea chumba kilichokuwa cha Kibii, viatu mkononi na miguu imevimba. Jeff alisimama karibu naye.

Alipowaona aliinuka, uso wake ukang'aa. "Chelagat! Umekuja kumwona kaka yako?"

Hakuna adhabu ambayo ingemuuma msichana yule kuliko swali hilo. Alitaka kukimbia. Baba alimshika bega. Basi Chelagat akasema. Alisema yote pale pale, akiangalia miguu ya mama.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Lile neno, 'Niko sawa'," aliuliza polepole. "Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama. Nisamehe."

Mama akaketi tena. Kisha kilio kikamtoka, kilio cha msiba, ambacho alikuwa amekizuia kwa miaka miwili kwa kuwa kulia kungekuwa kukubali. Watu walitoka vibandani. Jeff alivua kofia yake akaikunja mikononi. "Mathe, ni mimi nilikupigia," alisema huku analia. "Nilimtaka sana awe hai." Baba alimkumbatia mama, akamwinua. Chelagat aliponyoosha mkono kumgusa, mama aliusukuma kando.

Walirudi Molo. Mama aliingia kitandani, na kwa siku kadhaa hakumsemesha bintiye hata neno moja.

Jumatatu baba alimpeleka Chelagat shuleni na simu ile mfukoni, kwa Mwalimu Wariara anayefundisha kompyuta. Mwalimu hakumgombeza. Alimketisha, akamwonyesha pale akaunti mbili zilipounganishwa.

"Umetoboa ukuta kati ya nyumba mbili," alimweleza. "Unachofanya mchezoni kinaonekana kwenye mtandao wa kijamii. Ukiingia kwa jina la mtu mwingine, walio upande wa pili hawakuoni wewe. Wanamwona yeye. Kabla ya kubonyeza 'Kubali', soma, na usiposoma, uliza. Halafu akaunti kama hizi zina umri wa chini unaoruhusiwa. Wewe hujaufikia."

Alimwongoza hatua kwa hatua mpaka kiungo kikakatwa. Marafiki wa Kibii walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Baba aliidhinisha, na Chelagat akawaandikia wote: "Mimi ni Chelagat, dada yake Kibii. Ni mimi niliyekuwa nikicheza. Kaka yangu hajarudi. Naomba msamaha." Majibu yalikuja kwa siku mbili, na Mwalimu alimtaka asome yote. Mtu mmoja alikuwa ameandika tu, "Nilimwambia mtoto wangu kwamba Uncle Kibii amepatikana." Baadaye baba na mwalimu wakaomba akaunti ihifadhiwe kama ya marehemu, ili picha zibaki lakini mtu yeyote asiweze tena kuingia.

Ibada ikafanyika Jumamosi. Shangazi Jepkemboi na wenzake walifika na maziwa na sukari, mchungaji akaomba, majirani wakaimba ndani ya ukungu. Mama alisimama mwenyewe mbele ya watu, akasema, "Mwanangu Kibii amefariki." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo.

Watu walipotawanyika, Chelagat alichuchumaa nyuma ya jikoni akiosha masufuria. Mama akaja, akavuta kigoda, akachukua sufuria moja akaanza kuisugua kwa majivu.

"Chelagat."

Msichana alishtuka. Hakuwa ameitwa jina na mama tangu Kihoto. "Naam, Mama."

"Kucheza kwa jina la kaka yako lilikuwa kosa la mtoto. Hilo nimelisamehe. Lakini siku tisa ulijua, ukaninyamazia. Ulinionea huruma, ukadhani uongo ni zawadi." Mama aliigeuza sufuria akasugua upande wa pili. "Usimfanyie mtu hivyo tena. Ukimwona anafurahia uongo, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama atakuchukia. Wengine humlilia mtoto wao mara moja. Mimi nimefiwa na Kibii mara mbili, na mara ya pili imeniuma zaidi."

Chelagat alitaka kuomba msamaha tena, lakini aliona neno hilo sasa ni dogo mno. Akamsogezea mama ndoo ya maji safi. Mama akaipokea, wakaosha pamoja mpaka masufuria yakaisha.