Kabari Nyuma ya Gitaa

Siku ya mnada Karatu haina staha. Mbuzi wanalia, mtu wa dawa za meno anabweka kwenye kipaza sauti, na bodaboda anakupigia honi hata kama umejibanza ukutani. Katika vurugu hiyo Nashipai alijikwaa kwenye spika bovu lililokuwa mlangoni kwa Raphaeli, fundi wa redio na magitaa, naye Raphaeli akamdaka mkono kabla hajaenda chini.

"Pole, dada! Umeumia?"

"Mimi niache. Angalia gitaa!"

Alivaa jinzi iliyomkaa vizuri na ushanga mweupe shingoni, na mgongoni alibeba gitaa la umeme lililoviringishwa kwenye shuka jekundu. Raphaeli aliliangalia gitaa kwa jicho moja tu. La pili lilikuwa na shughuli zake.

"Halishiki sauti," Nashipai alilalamika. "Nikikaza uzi mmoja, nyingine zote zinalegea."

"Daraja lake, hiki kichuma kinachoshika nyuzi, linaelea. Nyuzi zinalivuta mbele, springi za nyuma zinalivuta kwao. Zikivutana sawasawa, linatulia."

"Kama ndoa?"

"Ndoa siijui. Nasubiri mteja aje anifundishe."

"Mmbulu wewe, una maneno!" Akacheka mpaka ushanga ukacheza.

Raphaeli alifungua mfuniko wa nyuma, akachomeka kabari ya mti wa mloliondo ili daraja lisitikisike, akapanga nyuzi zote, kisha akakaza skrubu za springi kidogo kidogo mpaka kabari ikadondoka yenyewe. Ikidondoka, kazi imekwisha. Nashipai alipobonyeza mkono wa chuma unaolitikisa daraja, sauti ilishuka ikanguruma kooni, kama wanaume wa kwao Ngorongoro wanavyoimba. Raphaeli alimpenda siku hiyo hiyo, wala hakujificha.

Wakawa wapenzi. Nashipai alipiga gitaa kwenye loji moja ya hapo mjini, na kila lilipomsumbua alilirudisha kwa fundi wake. Siku moja alifika anahema, wakati Raphaeli ameshachomeka kabari kwenye gitaa aliloliacha hapo na anaanza kukaza springi.

"Mpenzi, Jumamosi watu wa bendi moja ya Dar wanakuja kunisikiliza! Wakinipenda, naondoka nao."

"Na mimi?"

"Si utanifuata?"

"Na mama yangu nimwachie nani, Nashi?"

Walizozana, wakanuniana, wakabembelezana. Raphaeli akafunga mfuniko mawazo yakiwa Dar, na kabari ikabaki ndani. Alisahau kweli. Hilo tumpe, ni haki yake.

Jumamosi mchana aliitafuta kabari mezani atengenezee gitaa la kanisa, asiione. Akakumbuka. Akampigia Nashipai simu.

"Raphaeli wangu! Nimevaa lile gauni la bluu. Natetemeka mwenzio!"

"Nashi..."

"Sema, mpenzi."

Sentensi moja tu ingetosha: fungua nyuma, toa kabari. Lakini Raphaeli aliliona basi la Dar, akakiona na kiti chake Nashipai pale karakana kikiwa kitupu.

"Nilitaka tu kusikia sauti yako," akasema.

"Nakupenda, Mmbulu wangu!"

Jioni, mbele ya wageni, ule mkono wa chuma ulikataa kushuka. Nashipai aliusukuma, akausukuma tena kwa nguvu, ukakatika. Watu wakapiga makofi ya huruma. Wale wa Dar walikula, wakashukuru, wakaondoka.

Wiki nzima Nashipai hakupokea simu za Raphaeli. Halafu akaja mwenyewe, gitaa mgongoni likiwa limenunuliwa mkono mpya, kabari kiganjani.

"Nilikuwaza vibaya," alisema, macho yamemvimba. "Nikasema umefanya makusudi. Baadaye nikakumbuka tulivyogombana siku ile. Ulisahau, sivyo?"

"Nilisahau, Nashi. Haki ya Mungu."

Akamkumbatia. Raphaeli naye, kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, akamwambia atatuma wazee kwao mwezi huu huu. Nashipai akacheka huku analia.

"Watume. Maskini, lazima uliumia sana. Ulikumbuka lini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Mtu mwongo angejibu upesi. Raphaeli alikawia, na macho yake yakaenda yenyewe kwenye simu iliyokuwa mezani.

Nashipai akamwachia taratibu.

"Uliponipigia," akasema.

"Nilikupenda, Nashi. Niliogopa."

"Najua ulinipenda. Nami nilikujibu nakupenda, na wewe ukakata simu." Akaliweka gitaa mezani, na kabari juu yake. "Maliza kazi yako."

Raphaeli akaifanya. Nyuzi, springi, kidogo kidogo, mpaka kabari ikadondoka sakafuni. Nashipai akabonyeza mkono mpya. Gitaa likalia hata bila umeme, kwa sauti ndogo iliyowatosha wao wawili tu. Akaliviringisha kwenye shuka.

"Likiharibika utalileta?" Raphaeli aliuliza, maana hakuwa na swali jingine analoweza kulitamka.

"Arusha kuna mafundi," alisema Nashipai, akaliruka lile spika la mlangoni bila kujikwaa.