Foleni ya Mwinshehe

Wewe, ukiambiwa seva imerogwa, utacheka au utaomba nauli urudi kwenu?

Mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mbele ya mkuu wa ofisi, na sijaomba radhi mpaka leo.

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida kabisa, mwaka 2002. Nilikuwa na duka la kompyuta Mikumi, kando ya barabara kuu, na shahada ya chuo kikuu ukutani ambayo wateja walidhani ni leseni ya biashara. Nikaitwa Kilosa, kwenye ofisi ya mradi wa kuorodhesha wakulima. Ndiyo miaka ile kila mali ya umma ilikuwa inatafutiwa mwekezaji, na zamu ilikuwa imelifikia shamba kuukuu la mkonge kule Rudewa. Familia zilizolima mahindi humo tangu mkonge ufe ziliandikwa moja moja ndani ya seva. Jumatano kamati ya ardhi ingekuja kuchukua orodha. Aliyemo angepewa eneo lake kabla ya mwekezaji. Asiyekuwemo angeitwa mvamizi na kuondolewa.

Tatizo ni kwamba seva ilikuwa inajaa, na hakuna aliyejua inajazwa na nini.

"Shikamoo mzee," nilimsalimu Bwana Makarius, mkuu wa ofisi, mtu wa tai na leso.

"Marahaba, mtaalamu. Usiiguse kabla sijakueleza. Hii siyo kazi ya vyuo."

Juu ya seva palikuwa na kitambaa cheusi chenye mafundo matatu. Kwenye matundu ya hewa palibandikwa hirizi kwa selotepu. Mganga alikuwa ameletwa kwa pikipiki kutoka Zombo, wakaniambia, kama wanavyokuambia fundi bomba amepita. Nikabandua.

"Dada Editha, taratibu!" alinong'ona Salome, karani.

"Taratibu ya nini? Mmeziba feni. Mganga wenu alitaka kuipika."

Diski ya seva ile ilikuwa imegawanywa mara mbili. C ndiko mfumo wenyewe unakokaa, nayo ni ndogo. D ni ghala, na lilikuwa tupu kama kanisa siku ya Jumatatu. C ikijaa, mashine hukosa pa kuvuta pumzi. Inasuasua, inagoma, mwisho haiwaki. Isipowaka, hakuna orodha. Zilikuwa zimebaki megabaiti kumi na moja.

Nikafuta mafaili ya muda, nikamwaga pipa la taka, nikahamishia D kila kisichokuwa na sababu ya kukaa C. Kufikia saa sita nilikuwa nimepata megabaiti mia tisa. Nikaenda kula wali na maharage, najisikia.

Niliporudi, sifuri.

Salome hakuniangalia. "Ni saa sita na nusu," alisema. "Kila siku saa hiyo. Kabla ya kwenda kuswali adhuhuri ndipo alikuwa anakaa kuchapisha."

"Nani?"

"Mwinshehe."

Mwinshehe alikuwa karani mwenzake, ndiye aliyeingiza majina yote ya Rudewa. Wiki tano kabla ya hapo alitumwa Kidete kwa baiskeli, akachukuliwa na mto Mkondoa. Mwili walioupata siku mbili baadaye ulikuwa umeshika mkoba wa ofisi.

Nikafungua folda ambamo kazi zinazosubiri printa hujipanga. Foleni ilikuwa ndefu. Kazi mia moja na tatu, zote zimejibanza C, zote zina jina la mtumaji mmoja: mwinshehe. Ya mwisho ilitumwa leo, saa sita na nusu mchana.

"Printa iko wapi?" niliuliza.

"Imeharibika," alisema Makarius. "Nimeifungia ofisini kwangu."

"Basi kuna mtu anaingia kwa jina la marehemu. Nalifuta sasa hivi."

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi. "Hapana, binti. Arobaini yake ni Ijumaa. Mimi Mkristo, lakini hayo nayaheshimu. Jina la marehemu halifutwi kabla ya arobaini."

Ofisi nzima ikaitikia. Hata Salome. Ndivyo walivyokubaliana tangu mazishi: kiti chake kisikaliwe, kikombe chake kisitumike, na jina lake ndani ya kompyuta lisiguswe. Mimi nami, kwa heshima, nikanyamaza. Heshima yangu hiyo ndiyo ninayoijutia katika habari hii yote.

Jumanne nilifika mapema. Nilikagua kama kuna programu yoyote iliyoamriwa kujiwasha saa hiyo. Hakuna. Nikasafisha C upya bila kuigusa foleni, nikazima kompyuta zote tano za ofisi, nikazichomoa ukutani. Makarius alitoka kwenda kula. Tukabaki wawili, mimi na Salome, madirisha wazi, jua kali, treni ya mizigo inapiga honi stesheni. Hapakuwa na giza la kumtia mtu wazimu.

Saa sita na nusu. Megabaiti mia nane sabini.

Mia saba tisini.

Mia saba.

Nikachomoa waya wa mtandao. Seva sasa ilikuwa peke yake, haina wa kuzungumza naye. Kibodi nilikuwa nimeipakata.

Mia sita na kumi.

Mia tano.

Salome akaanza kusali. Mimi nikaanza kukasirika.

"Sikia, Mwinshehe," nilisema kwa sauti, mimi yule yule niliyecheka jana. "Kama unataka kuchapisha, tutachapisha. Usinijazie diski."

Namba ikasimama.

Hapo ndipo nilipoogopa, nakiri. Lakini kuogopa na kukaa chini ni vitu viwili. "Nani ana ufunguo wa ofisi ya mzee?"

"Mimi," alisema Salome. "Ndimi ninayefungua madirisha asubuhi."

Printa ilikuwa nzima. Nikaileta, nikaiunganisha na seva, nikafungua rimu mpya kwa mkono wangu, nikaiwasha. Ikavuta karatasi bila kuulizwa.

Majina. Jina, kijiji, ekari. Kazi ya kwanza orodha, ya pili orodha ile ile, ya tatu ile ile. Kila iliyochapwa ilitoka kwenye foleni, na nafasi ya C ikapanda.

"Mama yangu huyu," Salome alisema, kidole juu ya mstari. Regina, Rudewa, ekari nne.

Nikamtafuta Regina ndani ya seva. Hayumo. Nikalinganisha mstari kwa mstari. Kaya thelathini na saba zilikuwa kwenye karatasi na hazikuwemo ndani.

"Dada," alinong'ona. "Shika karatasi."

Ilikuwa mbichi. Karatasi ya rimu niliyoifungua mwenyewe. Pembeni palikuwa na mchanga laini, ule wa ukingo wa mto.

"Nani amewaambia muiwashe?" Makarius alisimama mlangoni, kijiti cha meno mdomoni.

"Imepona, mzee. Tena haraka."

Akaenda kwenye swichi. Nikasimama mbele yake. "Ukitaka kuizima, anza kunisogeza mimi."

"Binti, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nauliza. Kumbukumbu ya seva inasema majina thelathini na saba yamefutwa na mwinshehe, tarehe ishirini na moja. Salome, Mwinshehe alizikwa lini?"

"Tarehe kumi na nane."

"Labda mzimu..." alianza Makarius.

"Mzimu! Mzimu ufute majina, halafu uyachapishe mara mia? Acha hizo, mzee. Arobaini hukuiheshimu. Uliihitaji, kwa sababu jina lake likifutwa, mtu atauliza nani alilitumia mara ya mwisho."

Karatasi moja ikateleza kutoka printa, ikamwangukia kiatuni. Akaiokota. Akaipapasa. Akaileta puani, na uso wake ukabadilika rangi.

Salome alikuwa ameshachomeka waya, amekaa kwenye kiti kisichokaliwa. Anarudisha majina, akianza na la mama yake. Orodha iliyochukuliwa na kamati Jumatano ilikuwa kamili. Nakuambia sasa ili usinikatize.

"Nilifuta mimi," Makarius alisema, anaiongelesha karatasi. "Maeneo yale nilishawaahidi wengine. Nilimwambia afute, akakataa. Akasema atachapisha nakala kila siku mpaka kamati ifike."

Printa ikanyamaza. Foleni ilikuwa tupu, C ina nafasi kuliko nilivyowahi kuiona. Kwenye trei, maji yalikuwa yanadondoka sakafuni, tone kwa tone.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Sikuwa na swali jingine, na Salome hakuinua kichwa. Hakuna mtu aliyemuuliza Makarius habari ya mto.

"Na Kidete nilimtuma mimi," alisema. "Nilijua mto umejaa."